Jumanne ya matarumbeta mtaa wa Oak

Susafoni iliingia kabla ya mwenyewe. Domo lake la shaba, pana kama sinia ya pilau ya watu sita, lilipenya mlangoni likiwa limeinamishwa, likafuata bega, ikafuata kofia, ndipo akaonekana mtu mzima akihema. Waliosimama karibu na mlango walijibana ukutani kumpisha, bila mtu kuombana radhi na mtu. Ilikuwa saa nne na nusu usiku, Jumanne ya Machi 2014, katika baa ya Maple Leaf, mtaa wa Oak, mjini New Orleans. Rebirth Brass Band walikuwa wanaingia kazini mmoja mmoja, kwa mlango uleule wa wateja.

Nilikuwa nimewahi. Tramu ya kijani ya St. Charles ilinishusha Carrollton Avenue, na kutoka hapo ni hatua chache tu. Carrollton ulikuwa mji unaojitegemea hadi mwaka 1874 ulipounganishwa na New Orleans, na bado una tabia ya mji mdogo: nyumba za mbao zenye baraza mbele, miti mikubwa iliyoinua vigae vya njia ya waenda kwa miguu, watu wanaosalimiana. Baa yenyewe ilifunguliwa mwaka 1974. Ni chumba kirefu, chembamba kama ukanda wa hospitali, kaunta ikiwa imelala upande mmoja. Ukuta na dari vimefunikwa kwa bati lililofinyangwa maua, rangi ya damu ya mzee. Jukwaa ni dogo na liko mbele kabisa, limegusa dirisha la barabarani, hivi kwamba anayepita nje huona migongo ya wapulizaji kabla hajaona chochote kingine. Nyuma kuna ua wa kupunga upepo. Hapa ndipo James Booker, mpiga kinanda ambaye wanamuziki wa mji ule bado wanamtaja kwa heshima kubwa, alipokuwa akipiga katika miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1983.

Mwaka huohuo wa 1983 ndipo Rebirth ilipozaliwa. Phil Frazier na nduguye Keith, pamoja na mpuliza tarumbeta Kermit Ruffins na wenzao wachache, walikuwa wanafunzi wa sekondari ya Joseph S. Clark, katika mtaa wa Tremé. Phil alipuliza susafoni, Keith alipiga ngoma kubwa. Walianza kwa kupuliza barabarani katika mitaa ya watalii, sanduku likiwa wazi chini kwa ajili ya sarafu. Mwaka 2012 walipokea tuzo ya Grammy. Na kwa miaka mingi, iwe wamerudi kutoka Ulaya au wamerudi kutoka mazishini, Jumanne ilikuwa ya Maple Leaf.

Hilo ndilo lililonileta. Nilitaka kuona bendi yenye siku yake.

Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, na matarumbeta nayajua tangu utotoni. Jumamosi alasiri tuliyasikia kabla hatujayaona: vijana sita au saba wamepanda nyuma ya kirikuu, wamegeukia msafara wa harusi, mashavu yamevimba, mmoja ameegemeza ngoma kubwa kwenye goti. Tulikimbia nyuma ya magari mpaka pumzi ikate. Halafu msafara uliingia ukumbini, muziki wa CD ukachukua nafasi, na vijana wale walishuka, wakakung'uta mate kwenye vyombo vyao, wakagawana pesa na kuondoka. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza bendi ile inaitwaje, wala leo au kesho itapiga wapi. Walikuwa wa kukodiwa, kama viti na maturubai. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoanza kuumia kwa jambo hilo, kwa sababu baadhi yao walikuwa wapulizaji hodari sana.

Kule Maple Leaf, saa tano kasoro, mpiga ngoma kubwa alipiga mara moja tu. Kishindo kilinigonga kifuani, bati la dari likajibu.

Ni vizuri msomaji ajue kinachofanyika, maana nguvu ya muziki huu iko katika namna kazi inavyogawanywa. Mpiga dramu mmoja wa bendi ya kawaida hukaa kitini na kufanya kazi kwa mikono na miguu yote. Hapa kazi hiyo ina watu wawili wanaosimama, kwa sababu muziki huu ni wa kutembea. Mmoja ana ngoma kubwa iliyofungwa kwa mkanda begani, na juu ya ngoma hiyo kuna tuazi dogo. Mkono wa kulia unashika kirungu, wa kushoto unagonga tuazi kwa waya wa henga ya nguo uliokunjuliwa, au kwa bisibisi. Wa pili ana dramu ndogo, naye huyo ndiye msemaji: anachokonoa, anakatisha, anauliza maswali. Kati yao hesabu ni moja, mbili, tatu, nne, lakini uzito hautupwi kwenye moja. Unatupwa kwenye nne. Mwili unaisubiri ile nne, na ikifika goti linakunjika lenyewe.

Besi ni ya susafoni. Ni bomba la shaba la zaidi ya mita tano lililoviringishwa likamzunguka mtu mwilini kama chatu, na domo lake likaangalia mbele. Lilitengenezwa miaka ya 1890 kwa matakwa ya John Philip Sousa, mkuu wa bendi aliyetaka besi inayobebeka. Mpiga gitaa la besi anavuta uzi kwa kidole. Huyu anatoa kila noti kwa pumzi yake, saa nzima bila kuketi. Ukisimama karibu unasikia kitu ambacho hakisikiki kwenye kanda: sauti ya mtu akivuta hewa haraka kwa kona ya mdomo, katikati ya noti mbili, kama mwogeleaji. Juu ya besi hiyo kuna tromboni mbili, tarumbeta mbili, saksafoni moja. Hawana karatasi za noti. Mmoja anaanzisha kitu, wa pili anakidaka, na wa tatu anakaa juu yake.

Dakika kumi za kwanza nilisimama kwa adabu, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kusikiliza mhadhara. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kapelo alinitazama miguuni, akatikisa kichwa, akanieleza kwamba nikiendelea hivyo nitawazuia walio nyuma yangu. Alikuwa na haki. Chumba chote kilikuwa kinasukumwa na mawimbi kutoka dirishani hadi uani, na mimi nilikuwa kigingi. Aliponishika kiwiko na kunionyesha pa kuweka uzito, nilielewa kwa mguu jambo nililokuwa nimelisoma tu.

Jambo lenyewe wao huliita mstari wa pili. Katika maandamano ya mitaani ya New Orleans, mstari wa kwanza ni bendi pamoja na chama kilichoiita, na nyuma yao wanakuja watu wa mtaa, yeyote atakaye, na leso na miavuli na chupa za kugonga kwa ufunguo. Hao ndio mstari wa pili. Hawakualikwa na hawahitaji mwaliko. Bila wao bendi haina maana, kwa kuwa ndio wanaoiambia iende haraka au itulie. Kila Jumapili, karibu mwaka mzima ukiondoa miezi ya joto kali, kuna chama kinachotoka.

Na vyama hivyo vilitokana na shida. Watu Weusi wa mji ule, baada ya utumwa, walinyimwa bima na huduma nyingi, basi walichangishana: ukiugua chama kinakulipia daktari, ukifa kinakuzika. Young Men Olympian kiliundwa mwaka 1884. Kuzika vizuri kulimaanisha kuzika na bendi. Kwenda makaburini hupigwa tenzi za kanisani, polepole, hatua moja inavutwa na nyingine. Maiti akishaachwa na njia ya kurudi ikianza, dramu ndogo inakaza uzi na watu wanacheza. Vinaitwa vyama vya kusaidiana na kustarehe, na maneno yote mawili yamo kwenye jina rasmi, bila aibu.

Hapo lazima mtu wa pwani yetu asimame. Kusaidiana na kustarehe, sare, vyeo, mabango, shaba, ushindani wa mtaa na mtaa: sisi tulikuwa nayo hayo, na jina lake ni beni. Ilianza miaka ya 1890, muongo uleule wa susafoni, huko Lamu na Mombasa, ambako vijana walizitazama bendi za jeshi na za wamisionari wakachukua walichokitaka. Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, kilikuwa na bendi yake. Mombasa wakagawanyika Kingi na Skochi. Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti, wenye wafalme wao, makwini, majenerali na makanali, na vita ya kwanza ya dunia ikaibeba ngoma hiyo kwa miguu ya askari na wapagazi hadi Malawi na Zambia za leo. Terence Ranger aliichimba habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1975, Dance and Society in Eastern Africa. Wanachama wa beni walichangiana katika ugonjwa na msiba. Walipokosa tarumbeta, waliziunda kwa vibuyu.

Sisemi kwamba beni ilitoka New Orleans, wala kinyume chake. Watu waliouzwa Louisiana walitoka hasa Senegambia, Benin na Kongo, si pwani yetu. Undugu ninaouona ni wa aina nyingine. Pande zote mbili za bahari, watu waliotawaliwa kwa bunduki waliona chombo kilichotembea mbele ya bunduki, wakakichukua, wakakitumia kuzikana na kupendeza. Kuligundua hilo kwa goti lako, katikati ya umati wa wageni, usiku wa manane, si jambo dogo. Nilitamani babu yangu awepo.

Basi kwa nini wao wamebaki na bendi zao za mtaani na sisi tumebakiwa na msafara wa harusi? Unguja beni bado husikika harusini, najua, na huwa ninafurahi. Lakini jibu langu, baada ya usiku ule, ni kwamba New Orleans barabara ilikuwa na pa kupumzikia. Palikuwa na baa.

Miaka ya 1960 muziki huu ulikuwa wa wazee, na wazee walikuwa wanakwisha. Danny Barker, mpiga gitaa na banjo aliyerudi nyumbani kutoka New York, alikusanya watoto wa kanisa la Fairview Baptist mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawafundisha. Mwaka 1977 likatoka kundi la Dirty Dozen, lililouongeza mwendo na kuuchanganya na jazi mpya na midundo ya redioni. Wazee wengine walinung'unika. Dirty Dozen hawakubishana nao. Walikwenda kwenye kibaa kiitwacho Glass House, wakapiga huko kila wiki, na wacheza dansi wa mtaa wakawaambia kwa miguu kipi kinafaa na kipi hakifai. Vijana wa Rebirth walijifunza hapohapo. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1984, haikurekodiwa studio bali ndani ya baa nyingine ya mtaani, Grease Lounge, huko Tremé. Kermit Ruffins alipojitenga na kuunda bendi yake, aliishika Alhamisi katika baa ya Vaughan's miaka mingi, naye alikuwa na desturi ya kuja na jiko lake na kuchoma nyama nje kabla ya kupuliza. Tremé Brass Band ya Benny Jones walikuwa na Jumatano yao Candlelight Lounge, chumba kidogo cha jirani kwa jirani, ambako wakati wa mapumziko watu walipakuliwa maharage mekundu na wali.

Tazama mpangilio huo: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Mtu wa mji ule hakuhitaji tangazo. Alijua kama ajuavyo mtu siku ya gulio.

Harusi haiwezi kuifanya kazi hiyo. Harusini mpulizaji anapewa nyimbo kumi zinazojulikana, na akijaribu ya kumi na moja anaharibu shughuli ya watu. Kwenye baa, wiki baada ya wiki mbele ya nyuso zilezile, hawezi kurudia ya juma lililopita bila kuonekana. Anajaribu, anakosea, anarudi Jumanne ijayo. Sisi hili tulilijua vizuri katika muziki wa dansi. Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, walianza mwaka 1978 na jina lenyewe ni la baa walimopiga. Kila bendi kubwa ya Dar ilikuwa na ukumbi wake na siku yake, na mashabiki waliokuwa tayari kuhama mtaa kuifuata. Ni matarumbeta tu hatukuyapa kiti.

Mapumziko yalipofika nilitoka uani. Mama mmoja wa makamo alikuwa amebandikwa noti za dola kifuani, kwa pini, kama nishani. Kwa macho yangu ya pwani nilidhani ametunzwa kwa kuimba. Hapana, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Katika mji ule ndivyo wanavyomtunza mtu, rafiki anabandika, mgeni naye anabandika. Nami nikabandika. Akanieleza kwamba hajakosa Jumanne nyingi tangu arudi baada ya kimbunga.

Kila mazungumzo New Orleans hufika huko. Katrina ilipiga tarehe 29 Agosti 2005, kuta za mifereji zikapasuka, na sehemu nne kati ya tano za mji zikazama. Wapulizaji walitawanyika, wengi wakaishia Houston na Atlanta, bila vyombo. Mtaa wa Oak uko upande wa juu karibu na mto, na mwezi mmoja tu baada ya kimbunga, umeme ukiwa bado haujarudi, Maple Leaf iliwasha jenereta na Walter Washington akapiga gitaa. Mama yule hakuwepo usiku huo, alikuwa ukimbizini. Alisikia kwa simu kwamba kuna baa imefungua na kuna muziki, na hapo ndipo, alivyonieleza, alipojua kwamba atarudi.

Kurudi kulikuwa na machungu yake. Mwishoni mwa Septemba 2007 alifariki Kerwin James, mpuliza susafoni, ndugu wa akina Frazier. Kwa desturi, jioni za kabla ya mazishi wanamuziki walitembea Tremé wakimpulizia marehemu. Tarehe 1 Oktoba polisi waliwazingira wakati wimbo wa kanisani ukiendelea, na wanamuziki wawili wakakamatwa kwa kuandamana bila kibali na kuvuruga amani. Mmoja wao alikuwa Derrick Tabb, mpiga dramu ndogo wa Rebirth. Ni huyohuyo Tabb aliyeanzisha The Roots of Music, ambako watoto huchukuliwa kwa basi baada ya masomo, hupewa chakula, hupewa chombo, hufundishwa noti. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Alikamatwa kwa kumlilia mwenzake kwa namna aliyofundishwa na mtaa wake, na baadaye akawaandaa watoto mia moja na zaidi waendelee kulia hivyohivyo.

Zamu ya pili ilianza baada ya saa sita. Chumba kilikuwa kimejaa zaidi, jasho linateremka kwenye bati, na bendi sasa haikusimama kati ya wimbo na wimbo; tromboni zilikuwa bado zinamalizia huu wakati susafoni imeshaanza ule. Walipopiga "Do Whatcha Wanna," wimbo wao wenyewe ambao mji mzima umeushika, tarumbeta zilinyamaza katikati na watu wakaimba zile sehemu za tarumbeta kwa midomo, sauti kwa sauti, bila kukosea. Nilihesabu wapulizaji sita jukwaani. Waliokuwa wanapiga walikuwa mia mbili. Mzee wa kapelo alikuwa amefumba macho, leso yake nyeupe inazunguka juu ya vichwa. Nilikuwa sijisikii mgeni tena, na kigingi nilikuwa nimeshakoma kuwa kitambo.

Saa nane ilikaribia niliposukumwa hadi nje na umati uliokuwa unatawanyika. Mtaa wa Oak ulikuwa na ubaridi mzuri. Kwenye ukingo wa barabara, chini ya dirisha la jukwaa, mpuliza susafoni alikuwa amekaa na chombo chake mapajani, anakifungua kipande kwa kipande. Alichomoa bomba dogo, akaligeuza, maji ya pumzi yakadondoka kwenye lami. Akachomoa la pili, akalipuliza, likatoa maji zaidi. Kijana wa miaka kama kumi na minne, ambaye kwa umri wake hakuruhusiwa kuingia ndani na alikuwa amesikiliza usiku mzima kutoka kwenye kile kioo, alikuwa amemshikia domo la shaba kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Kijana alitia uso wake ndani ya domo lile na kutamka kitu. Sikukisikia. Niliona tu bega la mpulizaji likitikisika kwa kucheka, na kisha akamwonyesha, kwa kidole, mahali pa kuweka midomo.